Kipande cha Kwanza cha Pai ya Boga

6 Septemba

Daktari amenipa daftari hili niandike presha yangu kila asubuhi mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Leo: 148 juu ya 92. Aliniuliza kama kuna jambo linalonisumbua. Nikamwambia mimi ni Verlyn Haugstad, nina miaka hamsini na sita, tumbo langu linaingia mlangoni kabla yangu, na nina ekari nne za maboga. Kitu gani kingine kinaweza kunisumbua? Akacheka. Akasema niandike na hali ya hewa, na hali ya moyo pia, maana vyote huenda pamoja.

Hali ya hewa: joto, na ukungu bondeni mpaka saa nne. Maboga yameanza kugeuka rangi upande unaotazama barabara, kana kwamba yanajua wateja watatokea wapi. Hali ya moyo: njaa.

8 Septemba

Presha sikupima.

Tulikuwa kwenye baraza ya nyuma, mimi na mke wangu Darla, tukimenya maboga ya kwanza. Mimi napasua, yeye anakwangua mbegu na nyuzinyuzi. Miaka ishirini na sita tumefanya hivyo, hata hatuhitaji kutazamana mikono. Akasema bila kuinua kichwa:

"Verlyn, nataka nikwambie kitu, na tafadhali usijikate kidole."

Nikaweka kisu chini.

"Naondoka. Nakwenda kukaa kwa dada yangu, Duluth, kule ziwani. Si leo. Baada ya Shukrani."

Nikauliza swali ambalo kila mwanamume mjinga huliuliza. "Ni nani?"

"Hakuna mtu. Muda wa kumtafuta ningeupata wapi? Tangu asubuhi mpaka jioni niko na wewe na maboga."

"Sasa mbona usubiri Shukrani?"

Akanitazama kama anavyonitazama muuguzi ninapompa mkono usio wa kupimwa. "Kwa sababu msimu huu huuwezi peke yako. Nani atakaanga donati? Nitakuachaje na maboga yote haya?"

Huyo ndiye mke wangu. Anakuacha, lakini kwanza anakusaidia kuvuna.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Huku kwetu Wisconsin mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Tukaendelea kumenya mpaka ndoo zote mbili zikajaa.

9 Septemba

152 juu ya 95. Jua kali. Hali ya moyo sitaiandika. Sitaki kumharibia daktari siku yake.

12 Septemba

Tumefungua kibanda kando ya barabara. Mikate ya boga, jamu ya boga, supu ya boga kwenye sufuria kubwa ya jeshi, donati za boga za moto alizokaanga Darla akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Na pai.

Pai ya kwanza ya msimu ina sheria yake, aliyoiacha marehemu mama yangu, Ardis. Inaokwa kwenye sahani yake ile ya kioo, na kipande cha kwanza anapewa mke wa nyumba. Hakuna anayegusa uma mpaka mke wa nyumba ameonja na kusema neno. Mama alikuwa akisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, akisubiri hilo neno kama mtu anayesubiri hukumu.

Leo nilisimama mimi nyuma ya kiti. Darla akakata kipande kwa ncha ya uma, akaonja, akasema, "Nzuri, kama kawaida." Akala matonge matatu manne, akasogeza sahani. "Nimeshiba lakini. Malizia wewe."

Nikamalizia. Nilikula nikimtazama, nikajisemea: mwanamke anayekula pai yako na kusema nzuri hawezi kwenda Duluth.

19 Septemba

149 juu ya 93. Mawingu.

Watu wa mjini wanapenda kahawa ya boga, basi nikaamua nisiachwe nyuma. Nimechemsha kahawa na maziwa, nikatia mdalasini, tangawizi, karafuu, kungumanga kidogo, na boga lenyewe, boga la kweli, vijiko vinne kila kikombe. Sikujua kuwa boga la kweli huzama. Chini ya kila kikombe palikaa tope.

Wateja wetu ni watu wema kupita kiasi. Hakuna aliyelalamika. Walikunywa funda moja, wakatabasamu, wakasema, "Asante, nimetosheka," wakaweka vikombe vikiwa vimejaa juu ya uzio. Kufika saa sita uzio ulikuwa na vikombe kumi na saba.

"Tazama," nikamwambia Darla, "wanashiba haraka sana siku hizi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Verlyn Haugstad! Umezaliwa hapa, umekulia hapa, na bado hujui mtu akisema nimetosheka maana yake anatafuta pa kutema?"

Akachukua sufuria, akachuja boga lote kwa kitambaa, akaacha viungo na sukari ya kahawia. Mchana tukauza yote. Nilisikia kicheko chake mara tatu zaidi leo. Nimevihesabu.

27 Septemba

Mvua. Donati zimelowa. Na mimi pia.

3 Oktoba

Bernadine amekuja kurudisha sahani. Ni jirani yetu, mjane, na sauti yake inasikika mpaka kwa mbuzi wa shamba la pili. Huku kwetu kila sahani ina utepe wa gundi chini yake wenye jina la mwenyewe, maana kwenye chakula cha kanisa sahani zote hufanana. Na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Mimi na Bernadine tuna sahani moja ya bluu iliyoanza kwenda na kurudi mwaka alipofiwa na mumewe. Mimi naijaza mkate wa boga, yeye anairudisha na biskuti zake za kungumanga, nami siwezi kuirudisha tupu, wala yeye hawezi. Jina kwenye utepe lilishafutika. Hakuna anayejua ilikuwa ya nani.

Biskuti zenyewe huzamishwa kwenye kahawa kwa muda wa kusoma gazeti zima, ndipo meno yaziweze. "Tamu, Bernadine!" nikamwambia kama ninavyomwambia kila mara.

"Kula zote, baba. Umepungua."

Sijapungua. Ila amejua kuhusu Darla. Mji huu mtu akipiga chafya jikoni kwake, posta wanamwombea afya.

6 Oktoba

Nina mpango. Sitabishana na Darla, sina ufasaha huo. Nitampikia. Kila siku mpaka Shukrani nitampikia kitu cha boga kilicho bora kuliko cha jana, mpaka akumbuke sisi ni nani.

Jana: supu ya boga na krimu. Leo asubuhi: chapati za maji zenye boga na mdalasini. Alikula moja. "Nimeshiba, Verlyn, kweli." Nadhani ni mawazo. Mtu mwenye mawazo hali vizuri.

7 Oktoba

Boga lililookwa na vitunguu. Alikula vitunguu.

8 Oktoba

Uji wa boga. 155 juu ya 96. Upepo wa kaskazini.

10 Oktoba

Jumamosi njema kuliko zote. Miti yote ya bondeni imekuwa nyekundu na dhahabu, magari yamepanga foleni mpaka kwenye daraja. Tumefanya kazi kama watu wenye mikono minne na kichwa kimoja. Nikinyoosha mkono, tayari ananipa sinia. Akisema "Ver—", tayari nimesogeza sufuria ya mafuta.

Wachumba wawili wamekuja, vijana wabichi kabisa, wameshikana mikono kana kwamba mmoja atapeperuka. Msichana akauliza, "Samahani, nyinyi mmekaa pamoja muda gani?"

"Ishirini na sita," nikasema haraka, kabla mtu mwingine hajajibu.

"Siri yenu nini?"

Nikamtazama Darla. Alikuwa anapuliza donati ipoe kabla ya kumpa. Akamwambia, "Mwenzio akikuuliza unataka nini, mwambie. Na asipokuuliza, mwambie vilevile. Usingoje."

Msichana alicheka akamfinya mchumba wake. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni utani wa biashara.

17 Oktoba

Redio imesema jalidi itaanguka, ile barafu nyembamba inayounguza mimea. Jioni kabla jua halijazama tulikimbia shambani na mashuka kuyafunika maboga yaliyobaki. Mashuka ya zamani, mapazia, taulo, mpaka shuka la waridi la arusi yetu. Darla alilishika pembe mbili, mimi pembe mbili, tukalitandika juu ya maboga taratibu, kama tunavyotandika kitanda.

"Lina tundu," nikasema.

"Lilikuwa na tundu tangu dukani. Mama yako alilipata kwa nusu bei."

Tukasimama pale. Pumzi zetu zikitoka moshi. Nilitaka kusema usiende. Neno moja, mtoto wa miaka miwili analiweza. Nikasema, "Kesho nitakutengenezea pai."

Akanigusa shavu kwa glovu yenye udongo. "Najua," akasema. Akaenda ndani.

Nimeandika kuwa amenigusa shavu. Daktari akisoma, ajue presha ya kesho imetoka wapi.

24 Oktoba

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia kwenye viti.

Leo ulikuwa mlo wa boga wa kanisa, chakula cha mchana, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Viti vya chuma, meza ndefu, harufu ya kahawa iliyochemka tangu alfajiri. Mvua inapiga vidirisha vya juu. Mimi ndiye ninayeleta pai kila mwaka, pai kumi na nane mwaka huu, na nilikuwa nakata vipande na kugawa, nimevaa aproni ya mama, najiona mtu mkubwa. Darla alikuwa upande wa pili akimimina kahawa.

Nikachukua kipande kikubwa, nikatia krimu, nikamwambia Bernadine aliyekaa mbele yangu, "Hiki cha Darla. Mpitishie."

Bernadine, ambaye Mungu alimnyima uwezo wa kunong'ona, akasema, "Ah, mwonee huruma leo, Verlyn! Mtoto wa watu na jinsi asivyopenda boga!"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Nikatazama kulia na kushoto ili wengine wacheke pia. Akina mama wote wa meza ile walikuwa wanatazama ndani ya vikombe vyao. Mke wa mchungaji alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Wote walijua. Ukumbi mzima. Mtu mmoja tu ndiye hakujua, naye alikuwa amesimama katikati na kisu cha pai na aproni yenye maua.

Bernadine akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini siri ya miaka ishirini na sita ilishatoka.

Sikuwa na la kufanya ila kuendelea kugawa. Niligawa vipande mia na kitu. Kila mtu aliniambia pai nzuri. Sikumwamini hata mmoja.

Tulirudi nyumbani kwa pikapu. Nilipofika uani nilizima gari lakini sikushuka. Mvua ilikuwa inatiririka kwenye kioo, shamba lote likaonekana kama limeyeyuka.

"Ni kweli?" nikauliza.

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Ule ulaini wake. Unanikwama kooni."

"Na pai? Kila mwaka kipande cha kwanza?"

"Mama yako alisimama nyuma yangu, Verlyn. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, ndio kwanza nimeingia nyumba ya watu. Ulitaka nimwambie nini?"

"Lakini mbona hukuniambia mimi? Baadaye?"

Kisha akasema polepole, "Nilikwambia. Nilisema nimeshiba. Miaka ishirini na sita nimekwambia nimeshiba. Ulidhani mimi ni ndege?"

Nikakumbuka vile vikombe kumi na saba juu ya uzio. Nilikumbuka vyote vilivyokuwa vimejaa.

"Basi ndiyo sababu unaondoka? Boga?"

Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Hapana, mjinga wangu. Hakuna mtu anayeacha mume kwa sababu ya boga. Naondoka kwa sababu nimekuwa mtu wa kusema nimeshiba. Kwa kila kitu. Nilitaka kurudi chuo, ukasema tusubiri msimu upite, nikasema sawa. Nilitaka twende tukaone ziwa, hata wiki moja tu, ukasema mwakani, nikasema sawa. Baba alipofariki, nilirudi kutoka kuzika, nikakaa mezani, wewe ukanipa kipande cha pai ya boga. Ulikitia krimu. Na ulikuwa unanitazama kwa upendo kiasi kwamba nilikila chote. Nilikila, Verlyn, nikaenda kutapika. Siku ile nilijua kwamba nikikaa hapa nitakufa kwa adabu."

Nilikumbuka siku ile. Nilikuwa nimeihesabu miongoni mwa mambo mema niliyowahi kufanya.

"Unapenda nini?" nikauliza.

"Nini?"

"Pai. Unapenda pai gani?"

Akageuka akanitazama, mdomo wazi kidogo. "Unajua hujawahi kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Ya limau," akasema. "Kali. Ile ya kukufanya ukunje uso."

Tukakaa mpaka vioo vikajaa ukungu. Kisha akashuka kuingia kuwasha jiko, mimi nikabaki kutafuta funguo zilizokuwa mkononi mwangu.

25 Oktoba

161 juu ya 98. Nimepika mayai. Niliuliza kwanza.

1 Novemba

Majani yote yamekwisha. Sherehe ya watoto ya kuvaa vinyago na kuomba peremende imepita, maboga yenye sura zilizochongwa yanaoza kwenye vizingiti vya watu, mdomo ukiingia ndani kama wa mzee asiye na meno. Nayaelewa.

Darla ameanza kupanga vitabu kwenye makasha. Ananiuliza kipi cha nani. Vyote ni vyake. Cha kwangu ni kimoja, kuhusu wadudu.

9 Novemba

Nimenunua limau kubwa za njano, kumi na mbili, zimesafiri kutoka mbali kuliko nilivyowahi kusafiri mimi. Nimekwenda kuokea kwa Bernadine ili Darla asijue.

Pai ya kwanza: supu.

"Umechemsha kidogo," akasema Bernadine. "Limau si boga, baba. Boga hukusamehe."

Bernadine hajajisamehe kwa lile neno la ukumbini. Ananifulia vitambaa vya jikoni bila kuombwa.

14 Novemba

Pai ya pili: mpira. Mbwa wa Bernadine aliinusa, akaenda kulala.

"Utambakisha kwa hii?" akaniuliza Bernadine, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

Nikasema, "Sijui. Nataka tu ale kitu."

Nilikuwa nadanganya. Nataka abaki. Kila limau ninayokamua, naikamulia hilo.

21 Novemba

Tumefunga kibanda. Maboga yaliyobaki tumewapa ng'ombe wa jirani, wanakula kwa fujo, bila adabu yoyote, wanaopenda wanapenda. Theluji nyepesi. Darla aliosha karai la donati akalitundika kwenye msumari wake, akasimama akilitazama. "Msimu mzuri," akasema. Nikasema ndiyo. Ulikuwa mzuri.

26 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

143 juu ya 90.

Tulikuwa wawili tu mezani, bata mzinga mdogo, viazi. Bernadine alikataa kuja ("Nyinyi kaeni wenyewe, mimi nitasema neno lingine").

Baada ya chakula nikaenda kwenye friji ya ghala, nikaleta sahani ya kioo ya mama. Darla akaiona, nikaona mabega yake yakijiandaa. Akashika uma kama askari anayeshika bunduki. Ndipo akaona pai ni ya njano.

Nikamkatia kipande cha kwanza. Sikusimama nyuma ya kiti. Nilikaa mbele yake.

Akaonja. Akakunja uso, uso wote, mpaka pua. Akatafuna muda mrefu.

"Ganda limekuwa gumu," akasema.

"Ndiyo?"

"Gumu sana. Na sukari umezidisha, ningeongeza limau mbili."

Nikatikisa kichwa kukubali. Miaka ishirini na sita, na hii ndiyo mara ya kwanza mke wangu kunitolea kasoro ya pai, nami nilijisikia kama mtu aliyeshikwa mkono gizani.

Akala kipande chote. Akakwangua sahani kwa ubavu wa uma. Kisha akaisogeza, si kando, kwangu.

"Nikatie tena," akasema.

Nilimkatia. Alikula huku analia, na mimi nilimtazama huku nalia, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Nilidhani, kwa muda wa kile kipande cha pili, kwamba labda.

Alipomaliza akafuta mdomo. "Asante, Verlyn. Ni pai nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa." Halafu: "Nitaondoka kesho saa tatu, kabla theluji haijazidi."

"Unaweza kubaki," nikasema. Hatimaye nilisema. Lilitoka dogo, kama limepita kwenye tundu la ufunguo.

"Ninajua naweza," akasema. "Ungeniuliza kama nataka."

Nikauliza.

"Hapana, mpenzi wangu," akasema. "Sitaki."

27 Novemba

Aliomba pai iliyobaki akaile njiani. Aliiweka kwenye kiti cha mbele kwenye ile sahani ya mama, akaifunga mkanda wa gari. Nilipangusa theluji kwenye kioo chake kwa ufagio. Tulikumbatiana vibaya, makoti yetu ni manene mno. Alipofika barabarani akawasha taa ya kuonyesha anakata kona ingawa hapakuwa na gari lolote mpaka upeo wa macho.

Presha: 128 juu ya 82. Hii mashine haina akili.

28 Novemba

Daftari la daktari limeisha tarehe zake. Nitaendelea kidogo. Sahani iko kwake. Sahani hairudishwi tupu; lazima atie kitu. Nami nitatia kitu, nimrudishie. Naye atatia kitu. Nimeona sahani moja ya bluu ikikaa hai miaka na miaka kwa njia hiyo.

3 Desemba

Theluji.

7 Desemba

Theluji. Nimejifunza ganda laini. Siri ni maji ya barafu na kutolishika sana.

12 Desemba

Bernadine amekuja saa nne asubuhi, viatu vya theluji mpaka magotini, amebeba sahani ya kioo ya mama imefunikwa kitambaa. Shemeji yake Darla, mume wa yule dada, alipita jana na lori lake akaiacha kwa Bernadine, maana mimi nilikuwa mjini.

"Imetoka Duluth!" akatangaza tangu mlangoni. "Na ona, amekuletea na biskuti!"

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikafunua. Zilikuwa biskuti za mviringo, za kahawia, zimepangwa vizuri. Nikachukua moja. Nikaigonga kwenye ukingo wa meza. Ikalia kama kokoto.

Bernadine alikuwa anatazama dirishani, akishughulika sana na theluji.

"Bernadine," nikasema. "Hizi ni zako."

"Zangu? Ah wapi! Kwani mimi peke yangu ndiye ninayetia kungumanga katika dunia hii?"

"Bernadine."

Akakaa kwenye kiti cha Darla, na koti lake na kofia yake. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Ilikuja tupu?" nikauliza.

"Ilikuja tupu, baba," akasema. "Imesuguliwa vizuri lakini. Inang'aa. Labda amesahau tu, na safari, na nyumba mpya, mtu ana mambo—"

"Darla hasahau."

"Hasahau," akakubali. Akatoa leso. "Sikutaka uione hivyo. Nilikaa nayo usiku kucha pale mezani, inanitazama. Nikasema siwezi kumpelekea mtu sahani tupu. Siwezi."

Nikamshika bega. Nilitaka kumwambia kuwa hakuna ubaya, kwamba zile biskuti ni tamu, kwamba tutazila na kahawa. Nililiona neno likija, lile neno langu la siku zote, limevaa tabasamu lake.

"Ni ngumu," nikamwambia.

"Mambo yote haya ni magumu, baba."

"Biskuti, Bernadine. Biskuti zako ni ngumu. Tangu nikujue zimekuwa ngumu."

Akaacha kulia. Akanitazama kwa mdomo wazi. "Mshenzi wee! Miaka yote hiyo unasema tamu! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimeshiba," nikasema, na hapo nikashindwa kuendelea, na yeye akasimama akanikumbatia na theluji yake yote.

Alipoondoka nimezitoa biskuti moja moja, nikazitia kwenye mkebe. Nimepindua sahani. Utepe bado upo chini, na mwandiko wa mama, herufi kubwa: HAUGSTAD. Darla ameisugua kuuzunguka bila kuubandua.

Haina chembe. Haina hata harufu ya limau. Nimeiweka katikati ya meza, tupu, kama alivyoituma, nikakaa mbele yake.